Kadi ya Kliniki na Moyo wa Mama

Mheshimiwa mwenyekiti, wakunga na wauguzi wenzangu, mama zangu na dada zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Umeme umekatika na projekta imelala, kwa hiyo picha nilizowaandalia zitabaki kwenye kompyuta. Si neno. Ni moja tu iliyoniuma kuikosa, na hiyo nitawasimulia.

Ni picha ya binti mfalme wa Misri ya kale, Ahmose-Meryet-Amon. Aliishi Thebes, ambako leo ni Luxor, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, akafa akiwa na miaka ya arobaini. Mwili wake ulikaushwa na kufungwa sanda kama ilivyokuwa desturi yao. Mwaka 2011 watafiti wa Misri na Marekani walichapisha majibu ya kuupitisha mwili huo kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, mjini Cairo. Katika mishipa mikubwa mitatu inayolisha moyo, miwili ilikuwa na chokaa. Wakati ule hakujulikana binadamu wa kale zaidi mwenye ugonjwa huu wa mishipa ya moyo, na alikuwa mwanamke. Sigara hakuvuta, chipsi mayai hakuzijua. Watafiti wenyewe walitoa dhana kwamba huenda vimelea, vilivyokuwa vimejaa bonde la Nile, viliuweka mwili wake vitani miaka yote, na vita hiyo ikaila mishipa. Ni dhana. Lakini ikumbukeni.

Nikiwa mwanafunzi wa udaktari, mgonjwa wa mshipa wa moyo tuliyechorewa ubaoni alikuwa bwana mwenye kitambi, sigara mkononi, anashika kifua na kuanguka. Kuhusu mwanamke tuliambiwa homoni zake zinamlinda, ukurasa ukafunuliwa. Ni kweli ulinzi upo. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, uliona mwanamke hupata mshtuko wa moyo wa kwanza miaka kama 9 baada ya umri unaompata mwanamume. Ila kuchelewa si kukosa. Duniani, katika kila wanawake watatu wanaofariki, mmoja hivi huondoka kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwemo.

Na mimi nina deni kwa mama mmoja. Nimebadilisha mambo yake madogo madogo asitambulike. Alikuwa na miaka 43. Alilalamika chembe ya moyo inamuuma, akipanda mlima wa kwao anahema, usiku anatoka jasho. Alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo mara tatu, na mara ya tatu dawa hizo nilimwandikia mimi kwa mkono huu. Wiki mbili baadaye aliletwa amebebwa. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha sehemu ya moyo imeshakufa. Alipona, lakini moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Alipopata nafuu nilikaa naye nikamuuliza niliyopaswa kumuuliza siku ya kwanza. Amebeba mimba mbili, na zote mbili presha ilipanda. Ya pili akazalishwa kabla ya siku zake kwa sababu ya kifafa cha mimba. Vidole vyake huvimba na kukakamaa asubuhi tangu ana miaka 35. Mama yake mzazi alianguka jikoni akiwa na miaka 50 na hakuamka, majirani wakasema ni mkono wa mtu.

Mimba, viungo, mama mzazi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kifuani, na yote matatu yalikuwa habari za moyo. Asubuhi hii nataka kueleza kwa nini.

Wengi wetu huwaambia wagonjwa kwamba mafuta yanagandia ndani ya mshipa kama uchafu unavyoziba bomba la sinki. Mfano huo unaeleweka haraka lakini unapotosha, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya ukuta wa bomba. Fikirieni jipu. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli ile ya LDL, hupenya utando wa ndani wa mshipa na kunasa ukutani. Ikikaa humo inaharibika, na mwili unaiona kama mgeni aliyeingia bila hodi. Chembe nyeupe za damu zinatumwa. Zinameza lehemu mpaka zinavimba, na ukizitazama kwa hadubini zinaonekana zimejaa povu. Zinafia palepale. Nyingine zinakuja kuzifagia, nazo zinafia palepale. Miaka inapita, ishirini, thelathini, unabaki na kitu laini kama usaha kilichofunikwa na ngozi. Ngozi hiyo ikipasuka, damu inaganda juu yake kwa dakika chache, na nyama ya moyo iliyo mbele inakosa hewa.

Kwa wanawake, hasa ambao hawajakoma hedhi, mara nyingi jipu halipasuki kabisa. Utando wa ndani unachubuka tu, na damu inaganda juu ya mchubuko. Wapo pia ambao mishipa mikubwa iko wazi, ila ile midogo midogo isiyoonekana kwenye picha haifunguki inavyotakiwa. Mwanamke kama huyo anapimwa, anaambiwa mishipa yako safi mama, hayo ni mawazo tu, nenda kapumzike. Mnaijua sentensi hiyo. Wengine mmewahi kuambiwa ninyi wenyewe.

Kazi hii ya chembe nyeupe vitabu vya Kiswahili huiita mchochota. Wodini tunasema inflamesheni na maisha yanaendelea. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliiona kwenye kuta za mishipa tangu karne ya 19, na mwaka 1999 Russell Ross wa Seattle aliandika bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu ni wa mchochota. Bado wengi hawakushawishika, kwa sababu kila dawa iliyosaidia ilishusha lehemu pia, na hukuweza kujua kipi kimeponya. Mwaka 2017 jibu likapatikana. Katika jaribio la CANTOS, watu 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, na ambao alama ya mchochota kwenye damu yao bado ilikuwa juu, waligawanywa: wengine wakachomwa dawa ya canakinumab, wengine sindano tupu. Dawa hiyo lehemu haiigusi. Inamkamata mjumbe mmoja tu wa kinga, interlukini-1 beta. Kwa dozi ya miligramu 150, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikapungua kwa asilimia 15. Haikuwa dawa ya mshipa wa moyo baada ya hapo, maana bei yake ni ya kutisha na waliochomwa walikufa zaidi kwa maambukizi, lakini ubishi uliisha. Miaka miwili baadaye kolchisini, dawa ya zamani ya gauti ambayo babu zetu wameimeza, ikaonyesha jambo hilohilo katika jaribio la watu 4,745 waliotoka kupata mshtuko. Tafadhali mtu asitoke hapa akaenda duka la dawa kuinunua. Inagombana na dawa nyingine kadhaa, na figo mbovu haziivumilii.

Mnaojua kusoma majedwali mtauliza wanawake walikuwa wangapi. CANTOS, kama robo. Kwenye jaribio la kolchisini hata robo hawakufika.

Kwa bahati upo utafiti mmoja mkubwa wa wanawake watupu, na utawafurahisha kwa sababu wengi wao walikuwa wauguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Marekani maelfu ya wanawake wanaofanya kazi za afya walikubali kutolewa damu wakiwa wazima. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya miaka 30 ya karibu 28,000 kati yao. Damu ile ya siku moja ilipimwa vitu vitatu: LDL, chembe nyingine ya mafuta iitwayo Lp(a), ambayo nitairudia, na CRP, protini inayotengenezwa na ini mchochota unapokuwepo. Ukilinganisha moja ya tano ya wanawake waliokuwa juu kabisa na moja ya tano ya waliokuwa chini kabisa, LDL iliongeza hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 36, Lp(a) kwa 33, na CRP kwa 70. Alama ya kinga iliishinda lehemu, kwa wanawake, kwa miaka thelathini.

Sasa ngojeni kidogo. Kwetu CRP hupanda kwa malaria, kwa jino bovu, kwa kidonda cha mguu. Ukimpima mama leo ikawa juu, hujajua lolote kuhusu moyo wake. Tena wapo Watsimane wa misitu ya Bolivia. Minyoo na maambukizi ni sehemu ya maisha yao, mchochota kwenye damu yao uko juu muda mwingi, na bado mwaka 2017 walipopigwa picha za CT walikutwa na mishipa ya moyo misafi kuliko jamii yoyote iliyowahi kupimwa. LDL yao iko chini na kutwa nzima wako kwa miguu. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu nimeanza na binti mfalme na vimelea vyake, na nisingependa mtoke mkidhani mchochota peke yake unatosha. Moto unahitaji kuni. Binti mfalme alikula meza ya mfalme.

Kwa nini basi moto huu una tabia yake kwa mwanamke? Sehemu ya jibu ni kromosomu X. Yeye anazo mbili, mwanamume anayo moja, na X imebeba vinasaba vingi vya kinga. Ili mizigo ilingane, mapema sana tumboni kila chembe ya mtoto wa kike huzima X moja kwa molekuli iitwayo XIST, inayoifunika kama shuka. Shuka lenyewe ni fupi. Baadhi ya vinasaba vinachungulia, kimojawapo TLR7, mlinzi anayenusa virusi. Mlinzi wa namna hii ana manufaa: kwa kawaida wanawake huitikia chanjo kwa nguvu zaidi kuliko wanaume. Ila mbwa mkali siku nyingine humng'ata mwenye nyumba. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walionyesha kwa panya kwamba hata lile shuka, XIST pamoja na protini zinazoishikilia, linaweza kuichochea kinga ijishambulie. Katika kila watu watano wenye magonjwa ya kinga kujishambulia, wanne ni wanawake.

Lupasi, mmojawapo wa magonjwa hayo, ndiyo mfano mchungu zaidi. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi bado wa umri wa kuzaa. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh waliwalinganisha wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 na wanawake wengine wa rika lao. Mshtuko wa moyo uliwapata wenye lupasi kwa zaidi ya mara 50 ya wenzao. Hamkusikia vibaya, hamsini. Baridi yabisi ile ya kinga, inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuvikakamaza asubuhi, huongeza hatari kwa karibu nusu. Yule mama wa chembe ya moyo alikuwa nayo miaka minane, na tiba yake ilikuwa diklofenaki ya dukani. Dawa hiyo nayo, ikimezwa miaka, si rafiki wa moyo.

Na tusisahau virusi vya UKIMWI, maana kwetu huwezi kuzungumza kinga ya mwanamke ukaviruka. Hata dawa zikivilaza kabisa, kinga haitulii moja kwa moja. Jaribio la REPRIEVE, lililochapishwa mwaka 2023, liliwachukua watu 7,769 wanaoishi na virusi katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, wote hatari yao ya moyo ikionekana kwa hesabu za kawaida kuwa ndogo au ya wastani. Waliopewa statini, kidonge cha kila siku cha kushusha lehemu, matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35. Karibu thuluthi yao walikuwa wanawake.

Nije kwenye mimba, hapa ndipo penu. Mimba ni jambo la ajabu kwa kinga: nusu ya mtoto ni mgeni, na mwili wa mama unatakiwa umkaribishe. Mapatano yakienda vibaya kwenye mishipa inayolisha kondo, kondo linakosa damu ya kutosha, linamwaga kwenye damu ya mama protini zinazoumiza mishipa yake yote, presha inapanda, mkojo unatoa protini. Hapo ndipo kifafa cha mimba kinapoanzia. Mnayajua kuliko mimi. Pengine msilolijua ni hili: ukichukua mishipa ya mji wa mimba uliokuwa na tatizo hili ukaitazama kwa hadubini, mara nyingine unakuta kwenye kuta zake zilezile chembe zilizojaa povu. Madaktari walilipa jambo hilo jina mwaka 1950. Picha ya ugonjwa wa moyo wa miaka sitini, kwenye mji wa mimba wa binti wa ishirini na mbili, imejichora kwa miezi tu.

Mama aliyepitia hayo, hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzake. Sisi tukishamshushia presha na kumkabidhi mtoto, tunamwambia hongera, umepona. Mwaka 2017 ilijulikana pia kwamba kinasaba cha mtoto mwenyewe, karibu na mahali paitwapo FLT1, kinaweza kumwongezea mama uwezekano wa kupata kifafa cha mimba. Kwa hiyo mume anayesema tatizo ni la upande wa mke, mwambieni kwa upole kwamba nusu ya vinasaba vya mtoto vilitoka kwake.

Vinasaba. Watu wakilisikia neno hili wanasikia hukumu, kama vile daktari amesoma kiganja. Mimi napenda kuanza na habari njema. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliangalia Wamarekani weusi 3,363 wakakuta asilimia 2.6 wamezaliwa na kinasaba cha PCSK9 kilichovunjika. Kuvunjika huko kuliwafaa: LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata akaripotiwa mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi kuvunjika huko kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa chini mno, na alikuwa mzima wa afya. Kutokana na elimu hiyo zikatengenezwa sindano za kuzuia PCSK9, zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, kwa bei ambayo wengi wa bara lililotoa elimu hiyo hawaimudu. Hilo nalisema na kulipita, maana nikikaa hapo nitakasirika.

Kisha Lp(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Kiwango chake unazaliwa nacho. Chakula hakikishushi wala mazoezi, na kwa wastani watu weusi wanacho cha juu kuliko wazungu. Kupimwa mara moja maishani kunatosha. Na kuna kinasaba cha PHACTR1, kwenye kromosomu ya 6. Herufi moja mahali hapo, ukiirithi, inakupunguzia jipu nililolieleza, lakini inakuongezea kipandauso, na inakuongezea ugonjwa mwingine kabisa: mshipa wa moyo kuchanika wenyewe, ukuta ukaachana tabaka kwa tabaka. Wagonjwa tisa kati ya kumi wa kuchanika huko ni wanawake. Ndiyo sababu kubwa ya mshtuko wa moyo kwa mjamzito na mama aliyetoka kujifungua. Lehemu yake sawa, presha yake sawa, uzito wake sawa. Akiwaambia kifua kinabana siku ya tano baada ya kujifungua, msimwambie ni gesi.

Yote haya yamejulikana kwa damu ya watu wachache wa dunia. Hesabu ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa asilimia 78 ya watu waliochunguzwa vinasaba katika tafiti hizi kubwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu ya asili ya Afrika. Hata ile X yenyewe huachwa nje ya mahesabu mara nyingi kwa sababu inasumbua kuichambua! AWI-Gen, mradi uliochukua watu kama 12,000 katika nchi kadhaa za Afrika, Nairobi ikiwemo, umeanza kuziba pengo. Mtafiti akija kijijini kwenu na karatasi ya ridhaa, isomeni vizuri, ulizeni maswali, na mkiridhika msimfukuze.

Kesho asubuhi kliniki hamna mashine ya vinasaba, wala CRP ya kuaminika. Mna kalamu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inazibua mishipa kwa katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, lakini hakuna mgonjwa anayefika huko bila mtu wa kwanza kushuku, na mtu huyo ni muuguzi wa zahanati. Ninyi mmefundishwa kumuuliza mjamzito, chembe ya moyo inauma? Endeleeni kumuuliza akiwa na miaka 45, na kabla ya kumwandikia dawa za tumbo muulizeni mimba zake zilikwendaje, vidole vyake asubuhi vikoje, hedhi ilikoma lini, na mama yake alikufa kwa nini. Jibu la "alianguka tu" liandikeni vilevile, neno kwa neno. Aliyepata presha ya mimba apimwe presha na sukari kila mwaka hata kama hajisikii chochote, na kadi yake asiitupe mtoto akishaanza shule.

Yule mama alikuwa nayo. Aliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo, na alikuja nayo mara zote tatu alizotibiwa vidonda vya tumbo. Mkunga mmoja, miaka kumi na minne nyuma, alikuwa ameandika presha ya 170/110 kwa wino wa bluu na kupiga mistari miwili chini yake. Mimi sikuifungua.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Binti yake sasa ni mjamzito wa miezi mitano. Mwezi uliopita alihudhuria kliniki, na mkunga aliyempokea, ambaye yumo humu ndani na amenikataza nisimtaje, alimuuliza habari za mama yake kabla hata ya kumpima uzito, akaandika jibu pembeni mwa kadi mahali pasipo na kisanduku.

Ahsanteni. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma tangu nilipotaja kolchisini. Karibu, dada.